Geji ya mafuta ikianza uongo, pima kwanza ndo ununue spea

Kuna siku nilibadilisha pampu ya mafuta mwenyewe, nikafunga kila kitu, gari ikawaka freshi, nikajisifu sana. Siku mbili tatu mbele mshale wa mafuta ukaganda kwenye nusu. Naendesha, nusu. Naendesha tena, nusu. Nikawa naona raha kabisa kwamba gari imeanza kunywa kidogo, kumbe bana mafuta yanaisha huku mshale umelala palepale, ikanizimikia kwenye kilima na waliokuwa nyuma yangu wananipigia honi. Nikanunua geji ya dashibodi iliyotumika, nikafunga, bado nusu. Nilipokuja kufungua tanki ndo nikaona: chujio la pampu mpya nililifunga limegeuka upande, kwahiyo mkono wa floti ukishuka ukifika nusu unagonga chujio unakaa hapo. Geji nzima, waya nzima, mwenye shida mimi. Ile geji niliyonunua ipo kwenye boksi mpaka leo.

Sasa haya naandika kwa mtu ambaye mshale wake umeanza uongo na mkono unamuwasha kununua spea. Tulia kwanza. Shida inaweza kuwa sehemu tatu tu, kwenye tanki, kwenye waya au kwenye dashibodi, na lipo jaribio moja la dakika chache linalokwambia ni upande gani, ukishalifanya hilo hutafuti tena gizani.

Ila lazima ujue inavofanya kazi, si ngumu. Ndani ya tanki kuna boya dogo limeshikiliwa na mkono wa waya mgumu, mafuta yakipanda boya linapanda, yakishuka linashuka. Mwisho wa huo mkono kuna kidole kidogo cha chuma kinachoteleza juu ya kibamba chenye mistari ya resista, na kinavyoteleza ndo resistansi, yani ukinzani wa umeme, inabadilika. Hicho kitu chote mi nakiita floti, na kile kinachoelea nitakiita boya, tusichanganyane. Kutoka kwenye floti waya mmoja unaenda mbele kwenye geji, mwingine unaenda ethi, yani njia ya umeme kurudi negativu. Geji haijui habari za lita wala nini, yenyewe inasoma omu tu (kipimo cha resistansi) alafu inasukuma mshale. Gari za zamani waya unaenda moja kwa moja kwenye geji, za siku hizi unapita kwanza kwenye kontro boksi au kwenye kompyuta ya dashibodi yenyewe, inapiga hesabu ndo inaamua mshale ukae wapi.

Hapa watu wengi wanachemka: sio kila gari inahesabu upande uleule. Gari nyingi za GM (General Motors ya Marekani) za zamani kidogo ni omu 0 tanki likiwa tupu na 90 likijaa. Floti za VDO, kampuni ya Kijerumani ya geji, zile za kawaida ni kama 10 tupu na 180 jaa. Geji za kuongezea za Kimarekani mara nyingi ni 240 tupu na 33 jaa, yani kinyume kabisa, na gari nyingi za Kijapani nazo zinaenda hivohivo, omu nyingi maana yake mafuta hamna. Kwahiyo ukichukua floti ya gari ingine kisa tu imeingia kwenye tundu, unaweza ukajaza tanki fulu na mshale ukakwambia tupu. Na hata waya ukikatika matokeo hayafanani, kwenye Mjapani mshale utalala E (tupu), kwenye hiyo ya GM utapanda mpaka kupita F (jaa). Tafuta namba za gari yako kwenye kitabu cha ufundi kabla hujashika chochote.

Kabla ya kufungua hata nati moja, kaa kwenye siti uangalie dalili, zinasema mengi. Kama geji ya mafuta na ya joto la injini zimekufa pamoja, achana na tanki, angalia fyuzi ya dashibodi na ethi yake. Kwenye gari za zamani sana nyuma ya dashibodi kuna kiregulata kinachoshusha volti za kwenda kwenye geji, kikifa geji hizo mbili zinaumwa pamoja, zote zinalala au zote zinasoma juu kupita kiasi. Kama ya mafuta ndo inaumwa peke yake, angalia inaumwaje. Mshale unaocheza cheza kila siku pale pale, tuseme kati ya nusu na robo, alafu ukishapita hapo unatulia, hiyo ni njia ya resista imelika sehemu hiyo au ina uchafu. Mshale unaoruka ukipiga shimo, au ukiwasha taa kubwa, hapo mi nashuku ethi au soketi iliyolegea. Mshale usiofika F hata ukijaza mpaka mdomoni, mara nyingi boya limeingiza mafuta ndani limekuwa zito au mkono umepinda. Na kama tanki au pampu iliguswa karibuni na shida imeanza hapohapo, basi unajua, mimi yalinikuta.

Alafu kuna vitu si ugonjwa. Geji imecheleweshwa makusudi ili mshale usicheze kila ukikata kona mafuta yakimwagikia upande, kwahiyo ukijaza huku swichi iko on inaweza kuchukua muda kupanda, gari zingine mpaka uzime uwashe upya. Ukipaki kwenye mteremko nayo itadanganya kidogo. Na tanki halina umbo la boksi, limejipinda pinda kukwepa shafti na ekzosi, ndo maana nusu ya kwanza inaonekana inakaa sana na nusu ya pili inakimbia.

Kama gari yako ina soketi ya dayagnosisi ya OBD2 na una kale kamashine hata ka bei rahisi, chomeka. Makosa ya floti ni P0460 mpaka P0464. P0462 inamaanisha umeme wa kutoka kwenye floti unasomeka chini kupita kiasi, P0463 juu kupita kiasi, P0464 unakuja na kukata. Lakini mi napenda zaidi kuangalia ile sehemu ya data za moja kwa moja, gari nyingi zinaonyesha kiwango cha mafuta kwa asilimia. Kama kompyuta inasema asilimia 70 na kweli umejaza kama hivo, lakini mshale uko E, basi tanki na waya wake hawana kesi, nenda dashibodi. Kama kompyuta nayo inasema 0, geuka nyuma uende kwenye tanki. Si gari zote zinatoa hiyo data, ikikosekana usihangaike.

Dashibodi nyingi pia zina jaribio la kwao: unabonyeza kile kitufe cha kurudisha tripu sifuri, unakishikilia, unawasha swichi, mishale yote inapanda mpaka juu na kushuka. Mshale wa mafuta ukipanda vizuri na wenzake, mota yake nzima.

Haya, jaribio lenyewe sasa. Tafuta soketi ya floti juu ya tanki. Gari nyingi ndogo iko chini ya siti ya nyuma, unanyanyua siti, unakuta kifuniko cha bati au plastiki, chini yake ndo kuna pampu na floti vimekaa pamoja. Zingine iko chini ya kapeti ya buti, na zingine hakuna tundu kabisa mpaka tanki lishushwe, pole sana. Fagia na pulizia vumbi lote kabla ya kuendelea, maana mchanga wa hapo ukidondoka kwenye tanki utakuja kuula pampu.

Swichi ikiwa off chomoa soketi. Utaona waya nne au zaidi, zile nene ni za pampu, nyembamba ni za floti, lakini usikisie, angalia mchoro wa waya wa gari yako, maana ukigusisha waya wa pampu kwenye ethi swichi ikiwa on unachoma fyuzi. Ukishaujua waya wa floti, washa swichi bila kuwasha injini, soketi ikiwa imechomoka hivohivo, uangalie mshale. Alafu unganisha ule waya wa floti na waya wa ethi uliopo kwenye soketi hiyohiyo, uangalie tena. Kwenye gari ya zamani unatumia kipande cha waya tu kwa sekunde chache. Kwenye gari yenye kompyuta usifanye hivo, tumia resista iliyo ndani ya namba za gari yako, mfano kama inaenda 10 mpaka 180 ukiweka ya 100 mshale utakuja katikati huko, na uipe dakika moja mbili kwasababu ya ule ucheleweshaji, ikibidi zima swichi uwashe tena.

Mshale ukienda mwisho mmoja soketi ikiwa wazi, na ukaenda upande wa pili ukiunganisha, basi dashibodi nzima, waya wa kwenda mbele nzima, shida iko ndani ya tanki. Umeshamaliza theluthi mbili ya kazi na hujanunua kitu. Kama ukiunganisha na ethi ya soketi mshale hausogei, lakini ukiunganisha na chuma safi cha bodi unasogea, hapo waya wa ethi ndo umekatika au umeota kutu kule ulikofungwa. Hii ya bodi ni ya gari za zamani tu, kwa sababu za kisasa ethi ya floti mara nyingi inarudi kwenye kompyuta na sio kwenye bodi. Na kama ukifanya yote mshale umekaa kama picha, shida iko kwenye waya wa kwenda mbele au kwenye dashibodi yenyewe.

Ethi nairudia kwasababu watu wanaidharau. Rudisha soketi, washa swichi, weka mita yako ya umeme (multimita) kwenye volti za DC, mguu mmoja kwenye waya wa ethi wa floti kwa nyuma ya soketi, mguu mwingine kwenye negativu ya betri. Inatakiwa isome karibu na sifuri, mi ikizidi volti 0.1 naanza kuifuata. Kinachofuata ni kufungua ile nati ya ethi kwenye bodi, kusugua kutu mpaka chuma king'ae, kufunga na kupaka grisi juu. Kazi ya spana moja.

Soketi ikiwa imechomoka tena, weka mita kwenye omu, pima kwenye pini za floti yenyewe. Usipime omu umeme ukiwa unapita, itakupa namba za ajabu. Ukiwa unajua tanki lina mafuta kiasi gani linganisha na namba za gari yako. Mita ikionyesha omu zisizo na mwisho, njia imekatika ndani. Ikisoma namba inayoeleweka lakini hailingani na mafuta yaliyopo, boya au mkono. Tikisa gari kidogo kwa kuisukuma sukuma, namba inatakiwa icheze na mafuta, ikiganda kabisa mkono umekwama. Baadhi ya gari za kuvuta magurudumu yote na zingine ambazo shafti inapita katikati zina tanki lenye mabonde mawili, kila bonde na floti yake, kwahiyo unaweza ukabadilisha ya kulia na geji ikaendelea kusema uongo kwasababu mbovu ni ya kushoto. Pima zote mbili.

Ikithibitika ni tanki, hapa punguza haraka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauendi juu ukapotea, unalala chini na kutambaa, kwahiyo usifanye kwenye shimo la gereji wala kwenye chumba kilichofungwa, fanya nje kwenye upepo, mbali na sigara, jiko, chaja, na chochote kinachotoa cheche. Kizima moto kiwe karibu, sio kwenye gari ingine. Mafuta yawe chini ya robo, juu ya hapo kwenye gari nyingi ukifungua yanaweza kumwagika. Toa presha kwanza: chomoa fyuzi au relei ya pampu, washa injini iache ijizimie yenyewe, jaribu kupiga stata tena mara moja. Fungua kofia ya tanki. Toa negativu ya betri. Gusa chuma cha bodi mbali na tundu ili kutoa umeme tuli mwilini kabla ya kushika floti. Vaa glovu na miwani, na tochi iwe ya betri iliyofungwa, sio taa ya kuning'iniza yenye balbu.

Ringi kubwa inayoshikilia usiipige na patasi ya chuma, ndo cheche zenyewe hizo, tumia kipande cha shaba au mti mgumu na nyundo ya mpira, gonga taratibu kuizungusha. Kabla ya kutoa piga picha na weka alama ya maka kwenye floti na kwenye tanki ili irudi upande uleule. Ukiitoa usivute juu moja kwa moja, inamisha uuzungushe ule mkono utoke bila kupinda, wengi wanaupinda hapohapo alafu wanasingizia spea. Funika tundu kwa kitambaa safi.

Sasa ukiwa nayo mkononi, mbali na tanki, ianze kwa boya. Litikise sikioni, ukisikia majimaji ndani limekwisha, badilisha boya, usijaribu kulichomelea lina mvuke ndani. Kama haulisikii, litumbukize kwenye chombo chenye mafuta uone linaelea juu au linazama nusu. Alafu unganisha mita kwenye pini za floti, sogeza mkono kutoka chini mpaka juu polepole kabisa, kama unahesabu sekunde ishirini. Omu zinatakiwa kupanda au kushuka bila kuruka. Mi hii hatua napenda mita ya mshale kuliko ya namba, kwasababu mruko mdogo unauona kwa macho, ya namba inachelewa na kuuficha. Ikiruka sehemu moja, angalia hiyo sehemu ya kibamba kwa karibu: utaona mstari mweusi wa uchafu au utaona njia imelika mpaka chini.

Ukiwa ni uchafu tu unaponyeka. Salfa ya kwenye petroli inatia weusi kwenye hivo vigusio, pulizia dawa ya kusafishia vigusio vya umeme, futa na kitambaa laini au kifutio cha penseli kwa mkono mwepesi. Usipige msasa, hata ule laini, hiyo njia ni nyembamba sana na utaipeleka. Kidole cha chuma kama kimelegea kibonyeze kidogo tu kirudi kugusa. Pima upya. Ikiwa njia imelika usipoteze muda, nunua floti nzima ya namba ya gari yako, na ukinunua ipime omu zake palepale kabla ya kufunga, tupu na jaa, maana spea mpya nayo nimeshawahi kukuta imekufa kwenye pakiti. Kuhusu zile dawa za kumwaga kwenye tanki, zenye PEA (kemikali ya kusafishia mfumo wa mafuta) zinaweza kusaidia weusi kidogo ukiwa mwanzoni, boya lililotoboka au waya uliokatika haziwezi kitu.

Kurudisha ni kinyume chake, ila weka oringi mpya (raba ya duara ya kuzibia tundu), ile ya zamani ikishatoka inavimba na haikai tena. Kabla ya kufunga ringi ingiza kidole taratibu usogeze mkono wa floti juu mpaka chini, uhakikishe haugongi chujio, bomba wala ukuta wa tanki. Mi ningefanya hivi ile siku nisingesukuma gari.

Kama majaribio yalisema shida iko mbele, fuata waya. Pima kama unapitisha umeme kutoka soketi ya tanki mpaka soketi ya dashibodi, na sehemu za kushuku kwanza ni chini ya kapeti pembeni ya mlango ambapo maji yanalala, na popote ambapo panya anaweza kufika. Waya ukiwa mzima, toa dashibodi, kaza na safisha soketi zake, angalia nyuma kama kuna lehemu imepasuka kwenye pini. Mota ya mshale iliyokufa inabadilishika kwa mtu mwenye mkono mtulivu wa kulehemu, ila ukiutoa mshale wenyewe weka alama ulikokaa kwanza, la sivo utaurudisha unasoma robo zaidi na utakuwa umetengeneza uongo mwingine. Kama hujawahi kulehemu mpe fundi umeme, kwenye dashibodi za kisasa kosa moja linaweza kukupa taa za kila aina.

Mpaka utakapoiamini tena geji, jaza fulu, rudisha tripu sifuri, utumie kilomita kujua muda wa kujaza, na usiache mafuta yafike chini kabisa kwasababu hayohayo ndo yanaipoza pampu. Ukijaza lita kumi kumi andika mshale umefika wapi, mara tatu hivi utajua kama inasema kweli. Na usiku wa kwanza baada ya kufunga, asubuhi fungua mlango unuse kabla ya kuwasha chochote. Ukisikia petroli ndani ya gari, oringi haijakaa, toa siti urudi ukaifunge upya.